Shajara ya tangi la maji chumvi: mchanga gani uende chini?

Januari, mwanzoni

Fundi vioo wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, amekabidhi tangi. Urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50, kioo cha milimita 12. Likijaa hadi ukingoni ni lita 300. Meza ya chuma ipo tayari, imepigwa rangi na kupimwa kwa pimamaji pande zote, kwa kuwa maji, mawe na mchanga vikikaa pamoja uzito wake unavuka kilo 300 kirahisi.

Taa nitaweza kubadilisha mwakani. Pampu pia. Mchanga ukishalowa na kukaliwa na viumbe hautoki tena bila kubomoa tangi zima, ndiyo maana shajara hii naianza na mchanga kabla ya kitu kingine chochote.

Nimeona watu wengi wakianza na rangi: mweupe unang'aa, mweusi unafanya samaki waonekane. Mimi nimeanza na mkaaji. Ninayemtaka humu ni samaki mdogo anayeitwa kitaalamu Amblyeleotris wheeleri, mwenye pingili nyekundu, anayepatikana kwetu pwani ya Afrika Mashariki, akae pamoja na kamba wa jenasi ya Alpheus. Hawa wawili huishi shimo moja. Kamba haoni vizuri, lakini ni mchimbaji hodari: kutwa anasukuma mchanga nje kwa magando yake, jembe na beleshi kwa wakati mmoja. Samaki hachimbi, kazi yake ni kulinda mlango. Kamba akitoka nje huacha papasi moja, ule uzi mrefu wa kichwani, imemgusa samaki mwilini. Hatari ikija, samaki anatikisa mkia, kamba anarudi ndani papo hapo. Hatari ikikaribia zaidi, samaki naye anafuata.

Wapenzi wa bahari wamekuwa wakilitazama jambo hili kwa miaka mingi na bado halichoshi. Ila halitokei juu ya mchanga wowote tu. Kamba akichimba kwenye mchanga laini mtupu, dari ya shimo inaanguka. Akichimba kwenye kokoto tupu, hajengi chochote. Anahitaji mchanganyiko: chembe ndogo za kujazia, chembe kubwa za kushikilia, na vipande vya makombe na matumbawe yaliyokufa vya kuezekea. Hapo ndipo mradi wangu unapoanzia.

Januari, katikati

Wiki hii nimeshughulika na kina.

Upande mmoja wapo wasioweka mchanga kabisa. Kioo kinabaki wazi, uchafu wote unaonekana na kuvutwa kwa mpira. Wafugaji wa matumbawe magumu yenye matawi wanapenda mtindo huu kwa kuwa wanaweza kufungulia pampu zenye nguvu bila kupeperusha kitu. Siwalaumu, lakini kamba wangu atachimba wapi?

Upande wa pili wapo wa tandiko la kina kirefu, sentimita 10 hadi 15 za mchanga laini. Marekani, Ron Shimek ndiye aliyeutetea sana mtindo huu. Hoja yake ni ya kibiolojia na naiona ina nguvu. Juu ya mchanga, penye oksijeni, bakteria hubadilisha amonia, sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa naitraiti, kisha naitreti. Chini zaidi oksijeni inaisha, na huko wapo bakteria wengine wanaoichukua naitreti na kuigeuza gesi ya naitrojeni, ambayo inapanda na kutoka majini. Mfaransa Jean Jaubert alienda njia inayokaribiana na hiyo: aliacha uwazi wenye maji chini ya mchanga, uliotengwa kwa wavu, na mtindo wake ulitumika Monaco. Wajerumani wa mtindo wa Berlin wao waliegemea miamba hai, yaani mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe wake, na mashine inayotoa uchafu majini kwa povu, mchanga wakaupa nafasi ndogo.

Katikati kuna matangi mengi ya nyumbani: sentimita 3 hadi 5, kwa ajili ya sura na viumbe wachache.

Tandiko refu lina sharti moja ambalo watu hulisahau. Lazima liwe na wachimbaji wadogo: minyoo, konokono, uduvi, wanaoupindua mchanga polepole mwaka mzima. Likikosa hao linashikana, chakula kinazikwa, na kule chini bakteria wa aina nyingine hutengeneza salfidi hidrojeni. Ukiligusa siku hiyo utasikia harufu ya yai viza, na mabaka meusi utayaona kwenye kioo. Gesi hiyo ni sumu kwa samaki.

Uamuzi: sitaweka kina kimoja tangi zima. Theluthi moja upande wa kushoto itakuwa na sentimita 8 za mchanganyiko wa kuchimbia. Theluthi mbili zilizobaki zitakuwa na sentimita 4 tu, nizisafishe bila shida. Mwamba mkubwa utakaa mpakani, uwe ukuta unaozuia upande mrefu usimwagikie mfupi.

Hesabu yake: eneo la chini ni sentimita za mraba 6,000. Theluthi, yaani 2,000, mara kina 8 ni lita 16. Zilizobaki 4,000 mara 4 ni lita 16 nyingine. Jumla lita 32. Nilijaza jagi la lita moja mchanga mkavu wa aragonaiti, ile chokaa ya makombe na matumbawe, wa mwenzangu wa Mikocheni nikaupima, ukaja kama kilo 1.4. Lita 32 mara 1.4 inanipa karibu kilo 45.

Januari, mwishoni

Leo nimezunguka kutafuta sampuli. Mfuko mdogo wa kila aina, umeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika.

Wa kwanza ni mchanga wa mto Mpiji, ule ule tunaojengea. Uko kila mahali na bei yake inajulikana. Wa pili nimeupata kwa muuzaji wa vifaa vya mabwawa ya kuogelea, mchanga wa kuchujia, chembe za nusu milimita hadi milimita moja. "Bosi, huu ni silika safi, hoteli zote wanachukua huu," kaniambia, na kweli ni msafi na chembe zake zimelingana. Wa tatu ni makombe yaliyosagwa, yanayouzwa kwenye maduka ya chakula cha mifugo kwa wafugaji wa kuku wa mayai.

Wa nne nimeufuata Kunduchi Mtongani kwa kina mama wanaoponda kokoto. Jiwe lenyewe ni mwamba wa matumbawe ya zamani, ulioachwa nchi kavu bahari ilipopungua. Mama mmoja alikuwa amekaa chini ya mwavuli wa viroba, rundo mbele yake.

"Shikamoo mama. Naomba kununua ile chenga iliyobaki ukishachambua kokoto."

"Marahaba mwanangu. Chenga? Unapiga plasta?"

"Naweka kwenye tangi la samaki wa baharini."

Akacheka, akachota kiganja, akakipuliza vumbi likaruka. "Basi kaioshe sana. Hii ikiingia majini hivi hivi samaki wako hatakuona." Kanipimia ndoo nusu na ushauri wake nimeuandika kama alivyosema.

Wa tano ni aragonaiti ya dukani, mifuko ya kilo 9 inayokuja kupitia Dubai. Bei yake inauma.

Sampuli ambayo sikuichukua ni ya Mbudya. Mchanga wa pale ni mweupe, chembe zake za makombe na matumbawe, na mtu yeyote mwenye tangi akiutazama mkono unamwasha. Lakini Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, chini ya usimamizi wa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na hakuna kinachookotwa pale. Binamu yangu wa Unguja naye amejitolea kunitumia kiroba cha mchanga wa Paje. Nimemshukuru na kukataa. Mchanga ule ni wa miaka mingi: vipande vya mwani wa chokaa unaoitwa Halimeda, makombe, na matumbawe yaliyotafunwa na pono. Pono mkubwa mmoja anaweza kusaga mamia ya kilo kwa mwaka, na hata hivyo fukwe zetu zinapungua. Kunduchi hapa hapa bahari imekula ufuo na majengo kwa miongo, na uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoulisha umetajwa miongoni mwa sababu. Kilo 45 ni kidogo, ni kweli. Ila kila mwenye tangi akisema hivyo, kila mtu atakuja na kiroba chake.

Februari, mwanzoni

Siku ya siki.

Mchanga wenye chokaa ukiudondoshea siki unachemka. Huo ni mtihani wa sekunde mbili na unatosha kujua aina. Mimi nilitaka kujua kiasi, na njia ni rahisi kwa yeyote mwenye mizani ndogo ya sonara. Unapima gramu 10 za mchanga mkavu, unaziloweka kwenye siki mpaka povu liishe kabisa, unasuuza mabaki, unakausha, unapima tena. Kilichopotea ni chokaa. Kilichobaki ni kwatzi (yaani silika), udongo na mengineyo. Gramu 10 za kalsiamu kaboneti tupu zinahitaji gramu 12 za asidi ya siki, na siki ya dukani ya asilimia 5 inabeba kiasi hicho katika mililita 240 hivi. Nilimimina nusu lita kila chombo ili siki isiishe kabla ya chokaa, nikaviacha mpaka kesho yake.

Mpiji: kimya. Siki ilikaa juu yake bila kapovu kamoja, na uzito haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Mchanga wa bwawa vivyo hivyo.

Makombe ya kuku yalichemka kwa fujo, povu likapanda hadi mdomoni mwa chupa, na karibu yote yakaisha. Ila yaliacha utando mwembamba wa kahawia unaonuka kidogo. Ni mabaki ya nyama na ngozi ya mnyama aliyeishi ndani ya kombe. Ndani ya tangi mabaki hayo ni amonia.

Chenga za Mtongani ndizo zilizonivutia zaidi. Zilichemka taratibu lakini kwa muda mrefu, na asubuhi nilikuta chini ya chupa tope jekundu-kahawia na chembe chache za kwatzi zinazong'aa. Sehemu kubwa ni chokaa, ila udongo umo. Nilichukua kipande kikubwa nikakipasua: ndani kilikuwa na michirizi ya tumbawe, vile vijumba vya nyota sita bado vinaonekana, lakini vimejazwa fuwele ngumu. Hiyo ndiyo kazi ya mvua ya maelfu ya miaka. Tumbawe hai hujenga kwa aragonaiti. Likikaa nchi kavu likinyeshewa, aragonaiti hugeuka kalsaiti, ambayo kemia yake ni ile ile ila huyeyuka kwa shida zaidi.

Mtihani wa pili ni wa sumaku. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuipitisha ndani ya kila sampuli. Mpiji ilitoa ndevu nyeusi kwenye nailoni, chembe za madini mazito yenye chuma, kama zile zinazochora mistari myeusi ufukweni maji yanapokupwa. Chembe hizo zikinaswa na sumaku ya kusafishia kioo, zinachora kioo toka juu hadi chini. Mchanga wowote mweusi unaouzwa kwa ajili ya sura upimwe hivi kabla haujalipiwa.

Februari, wiki ya pili

Niandike kidogo kuhusu jambo ambalo wauzaji hulirudia sana: kwamba mchanga wa aragonaiti unashikilia pH ya tangi, yaani kipimo cha uasidi wa maji, isishuke.

Maji ya bahari ya juu juu, yenye pH ya 8.1 au 8.2, tayari yamejaa kalsiamu na kaboneti kupita kiwango cha aragonaiti. Ndani ya maji hayo chokaa haina sababu ya kuyeyuka. Ndiyo maana wanaotumia aragonaiti kulisha matumbawe huiweka kwenye chombo cha pembeni na kupuliza kaboni dayoksaidi mpaka pH ishuke kukaribia 6.5, hapo ndipo inayeyuka. Ndani ya mchanga wenyewe, kule chini, kupumua kwa bakteria kunashusha pH na chembe chache huyeyuka, kwa hiyo faida ipo, lakini ni ndogo na ya polepole. Kiwango cha chokaa kwenye maji nitakilinda kwa kubadilisha maji na kwa vipimo. Mchanga sitautegemea kwa hilo.

Je, silika basi? Kuna hofu kwamba mchanga wa kwatzi huleta utando wa kahawia wa dayatomu, mwani mdogo sana wenye ganda la silika. Kwatzi ni miongoni mwa vitu vigumu sana kuyeyuka majini, na utando ule hutokea kwenye matangi mapya yenye aragonaiti tupu pia. Sijaukataa mchanga wa bwawa kwa sababu hiyo. Nimeukataa kwa sababu chembe zake zote ni za ukubwa mmoja na kamba hawezi kujengea, na kwa sababu mbili tatu za pembeni: ni mzito kuliko unavyoonekana, rangi yake ni ya njano iliyofifia, na viumbe wadogo wa mchanga wa pwani yetu wamezoea chokaa. Mtu mwenye samaki tu, asiye na wachimbaji, anayetaka kitu cha bei nafuu na kisafi, autumie bila wasiwasi.

Februari, mwishoni

Nimepima mkondo. Niliweka maji ya bomba kwenye tangi, nikapanga sahani za bati chini, kila moja na mchanga wa ukubwa wake, nikawasha pampu ya lita 4,000 kwa saa.

Aragonaiti laini, ile ya chembe chini ya nusu milimita, ilidumu kitambo kidogo tu. Kwanza vilitokea vijimistari juu yake, kama vile vya mchanga wa ufukweni maji yakitoka, kisha katikati ya sahani bati likaanza kuonekana. Baadaye kidogo nusu ya sahani ilikuwa wazi na vumbi limetua kila kona. Ya milimita 1 hadi 2 ilitikisika juu kidogo ikatulia. Chenga za milimita 3 hadi 5 hazikujali.

Kwa upande wa pili, chenga hizo kubwa zina kasoro ambayo pampu haionyeshi: katikati ya chembe na chembe mna mapengo, na mapengo hayo yanameza chakula na kinyesi. Tangi lililotandikwa kokoto za matumbawe tupu litaonekana safi miezi kadhaa huku naitreti ikipanda, kwa kuwa uchafu umejificha mahali mkondo haufiki wala konokono hapenyi.

Kwa hiyo nimechagua. Mwili wa tandiko ni aragonaiti ya milimita 1 hadi 2, mifuko minne ya kilo 9, jumla kilo 36. Upande wa kuchimbia utaongezewa karibu kilo 9 za chenga za Mtongani zilizochekechwa, pamoja na makombe matupu. Nyumba ya samaki wachache ingeweza kutosheka na Mtongani peke yake, na ningeokoa fedha nyingi. Kilichonizuia ni kingo. Jiwe lililopondwa kwa nyundo lina ncha. Chini ya kioo cha kukuzia cha mwanangu nimeziona: chembe za Mtongani ni kama vigae, za aragonaiti zimeviringika. Mwaka ujao nataka kuongeza samaki wa jenasi ya Valenciennea, ambao hujaza mchanga kinywani na kuupitisha kwenye matamvua siku nzima wakitafuta chakula. Sitawapa vigae. Kwenye mchanganyiko wa kuchimbia, zikiwa chache na kubwa, ncha hizo zinasaidia, zinang'ang'aniana na dari haishuki.

Machi, mwanzoni

Kuosha, kazi ya mgongo.

Chenga nimezichekecha mara mbili: kwanza kwa chekecheke la unga kuondoa vumbi, kisha kwa wavu wa waya wa dirishani kubakiza zile kubwa. Halafu ndoo na mpira wa maji. Maji yanaingia chini, mkono unakoroga, maziwa yanamwagika juu. Yule mama alisema kweli. Maji ya mwanzo yalikuwa chai ya maziwa, na hata aragonaiti ya dukani, iliyoandikwa imeoshwa, ilitoa weupe mzito. Unaendelea mpaka uweze kuona vidole vyako chini ya ndoo. Suuzo la mwisho nimetumia maji yaliyochujwa kwa mashine, maana kisima cha mtaani kwetu kina chumvi na madini yake.

Kisha nikaloweka chenga kwenye maji safi ya bahari siku kadhaa na kupima fosfeti, mbolea inayostawisha mwani tangini. Chokaa ina tabia ya kunasa fosfeti na kuiachia baadaye, na jiwe lililokaa nje miaka yote hiyo, pembeni ya barabara na makazi, siwezi kuliamini kwa macho. Kipimo cha kwanza kilionyesha rangi ya buluu hafifu. Nilibadilisha maji, nikaloweka tena, mpaka rangi ikawa haionekani.

Mawe yametangulia mchanga. Hili ningependa kila anayeanza alisikie vizuri: mwamba unakaa juu ya kioo, na mchanga unamwagwa kuuzunguka. Ukiuweka mwamba juu ya mchanga, kamba atachimba chini yake kama anavyochimba kokote, na siku moja usiku mwamba utalala juu ya kioo cha mbele. Nimebandika chini ya mwamba vipande vyembamba vya plastiki ili uzito usikae kwenye ncha moja. Upande wa kushoto, chini kabisa, nimelaza bomba fupi la plastiki lililopasuliwa nusu, mdomo wake ukitazama mbele. Kamba akilipata atakuwa na chumba tayari, nami nitakuwa na dirisha la kumwonea.

Maji tumeyachota nje, mbali na midomo ya mito, siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa, kabla masika hayajaanza kuleta tope la Mpiji baharini. Uzito wa chumvi kwenye kipimo: 1.025. Sahani imewekwa juu ya mchanga na maji kumiminwa juu ya sahani, yasichimbe shimo. Tangi lilikaa na ukungu mpaka keshokutwa yake, kisha likatakata.

Aprili

Mwenzangu wa Mikocheni amenipa kikombe kimoja cha mchanga kutoka tangi lake la miaka mingi. Nimeuzika upande wa kushoto, kama mtu anayegandisha maziwa kwa kijiko cha mtindi wa jana. Ndani ya kikombe kile mna bakteria, minyoo myembamba kama uzi, na vidudu wanaorukaruka kwenye kioo taa zikizimwa.

"Kaka, usiweke samaki kwa haraka," alinisisitizia. "Subiri amonia ishuke mpaka sifuri, halafu subiri tena."

Nimesubiri. Amonia ilipanda, ikashuka. Naitraiti ikafuata njia hiyo hiyo. Utando wa kahawia umekuja juu ya aragonaiti kama nilivyotarajia na nimeuacha. Konokono wa jenasi ya Nassarius wameingia: wanakaa wamejizika, pua tu iko nje, na chembe ya chakula ikidondoka wanafumuka mchangani kila upande. Kwenye theluthi mbili fupi wameshaupindua mchanga wa juu wote. Kupitia kioo cha mbele naona tayari tofauti ya tabaka: juu peupe, chini pameanza kuwa na vipovu vidogo vilivyonaswa katikati ya chembe. Upande wa kushoto ndiko viko vingi.

Nimegundua pia kwamba chenga za Mtongani zinapanda juu. Kila konokono anapopita, chembe ndogo zinateremka chini na kubwa zinabaki juu. Halinisumbui, kamba atazihitaji hizo hizo kwa mlango wake, na zikiwa juu hatazitafuta mbali.

Mei

Kamba na samaki wake wamefika pamoja kutoka kwa mkusanyaji mwenye leseni. Niliwaachilia kwa bomba la plastiki lililoelekezwa upande wa kushoto, taa zikiwa zimezimwa.

Siku ya kwanza sikuona kitu. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na lundo dogo la mchanga mbele ya mwamba, na juu yake kipande cha kombe kimesimamishwa wima. Kamba alikuwa anatoka na mzigo, anasukuma kwa magando yote mawili, anaumwaga, anarudi. Kila akitoka papasi inamtafuta samaki kwanza. Alibeba chenga moja ya Mtongani inayokaribia ukubwa wa kichwa chake, akaigeuza mara kadhaa mdomoni mwa shimo, akaikandamiza mahali pa kizingiti. Halafu akaleta mchanga wa milimita moja moja, akaujaza nyuma yake.

Bomba nililolaza hakulifuata. Amechimba sentimita chache pembeni, amepita chini ya mwamba hadi upande wa nyuma, na mlango wa pili umetokea huko. Mwamba haujatikisika, umekaa kwenye kioo. Dari imeshuka mara moja tu, mahali ambapo mchanganyiko una aragonaiti nyingi na chenga chache, na alipajenga upya kwa vipande vikubwa.

Naitreti iko chini na imetulia. Theluthi mbili fupi navuta uchafu kwa mpira kila ninapobadilisha maji. Theluthi ya kuchimbia siigusi kabisa, hiyo ni kazi ya kamba, konokono na minyoo. Sehemu moja kwenye kona ya nyuma mchanga umeanza kushikana. Nitaupima usawa wa alkali kabla ya kuuvunja, maana aragonaiti hujigandamiza pale dawa za kuongeza kalsiamu na alkali zinapomiminwa kwa wingi mahali pamoja, na pampu ya kumimina ipo juu ya kona hiyo hiyo. Wiki hii naihamishia mbele ya mkondo.

Watu wawili wameniuliza kuhusu jongoo bahari kama msafishaji. Nampenda, na sasa wa kufugwa wanapatikana kwa kuwa ufugaji wake umeshika Unguja, lakini anaishi kwa kula kile kilichomo ndani ya mchanga, na mchanga wangu bado haujakomaa. Akifa njaa humu atachafua maji yote. Nitalifikiria tena kusi ikiisha, minyoo ikiwa imeenea mpaka upande wa kulia.